Ndoo Juu ya Kigoda Changu

Kigoda changu kina miguu mitatu. Mume wangu alikitengeneza mwaka ule aliponunua mashine ya nakshi. Mashine yenyewe ni msumeno mdogo wa umeme wa kuweka mezani, wenye bledi nyembamba kama uzi inayopanda na kushuka, na kazi yake ni kukata kona ambazo msumeno mwingine hauziwezi: sikio la tembo, mkia wa nyani, pembe za swala. Mume wangu hukata wanyama wa mbao ambao watoto huwachomoa vipande vipande na kuwarudisha, na shule za watoto wadogo humwagiza. Yeye hukaa mbele ya mashine. Mimi hukaa kushoto kwake, na kazi yangu ni kupuliza.

Unga wa mbao hufunika mstari wa penseli, na fundi asiyeuona mstari anakata kwa kubahatisha. Kwa hiyo kila akifika kwenye kona kali mume wangu huinua mguu kwenye pedeli, anainamisha kichwa kulia kidogo, nami napuliza. Pumzi moja tu, fupi, kwa pembe ya mdomo, ili unga uelekee dirishani usimrudie machoni. Hakunifundisha mtu. Miaka ishirini na sita nimepuliza hivyo, na ingawa hatuzungumzi sana tukiwa kazini, nilikuwa nikijiambia kwamba mtaa mzima hakuna mke anayekaa karibu na mumewe kuliko mimi.

Kisha mdogo wangu akaja na ndoo.

Kuja kwake hakukuwa kosa lake. Mume wangu alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotaka asali wala tangawizi, nikamlazimisha twende hospitali. Daktari alikuwa mama mpole. Kile chuma cha kusikilizia kifua alikipasha joto kwanza kwenye kiganja chake kabla ya kumgusa nacho, na kwa hilo tu nilimpenda. Lakini maneno yake hayakuwa na joto. Alisema, "Mzee, kifua chako kimejaa vumbi la mbao. Nakupa wiki nne. Ama vumbi litoke katika chumba hicho, ama utoke wewe."

Mume wangu alijaribu barakoa. Miwani ikaingia ukungu. "Nikifunika pua, macho nayo yanafungwa," alisema. "Mwili gani huu usiojua kugawana kazi?"

Nilidhani tutakaa tufikiri wawili, kama tulivyozoea. Siku ya pili akaniambia, huku anakoroga chai, "Nimempigia simu shemeji. Anakuja."

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mashine katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa mpaka alipostaafu. Mashine za kufua, za kukausha, za kufyonza vumbi, zote zilipita mikononi mwake, na wanaume waliokuwa chini yake walimwita Injinia, hata wale waliosoma kumzidi. Kwetu, wajukuu humwita Bibi Mdogo. Alipokuwa na miaka tisa alifungua redio iliyokuwa imekufa, akaifunga tena, ikaimba. Siku hiyo tulikuwa na wageni. Mama akawaambia akicheka, "Mungu kagawa. Mdogo kapewa mikono, mkubwa kapewa pumzi." Kwa sababu saa hiyo mimi nilikuwa jikoni, napuliza moto wa chai ya wageni hao hao. Mama hakuwa na nia mbaya. Jioni alinikatia kipande kikubwa cha mkate kuliko cha mdogo wangu, nilikiona. Ila mkate uliliwa ukaisha, na maneno bado ninayo.

Alikuja na mashine kuukuu ya kufyonza vumbi, ameifunga ndani ya sweta lake isipate mikwaruzo. Na mimi aliniletea ndara zenye soli laini, maana alikumbuka kwamba kisigino changu kinaniuma, jambo nililomtajia mara moja tu, kwenye simu, mwaka juzi. Ubaya wa mdogo wangu ndio huo: hana ubaya. Ukitaka kumchukia lazima uamke mapema sana.

"Shemeji, umekwisha kabisa," alimwambia mume wangu mlangoni. "Au dada yangu hakulishi?"

"Ananilisha, ila chakula kinaogopa kikohozi. Wewe nakuona pensheni imekukubali. Mlango umeuingia kwa ubavu."

"Nimhamishe dada?"

"Mhamishe, uniachie hiyo mashine. Yenyewe angalau ina swichi ya kuzimia."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini kwa meno tu.

Kazi yenyewe niliitazama kutoka mlangoni, maana chumba ni kidogo na watatu hatukuenea. Mdogo wangu alichukua ndoo ya rangi aliyokuja nayo, yenye mfuniko wa kubana, akatoboa mfuniko matundu mawili. Tundu moja lilipokea mpira mnene unaotoka kwenye msumeno; la pili lilipokea mpira unaokwenda kwenye ile mashine ya kufyonza. "Upepo utaingia ndani ya ndoo ukizunguka," alieleza, "na ukizunguka utaangusha unga humo. Kitakachofika kwenye mashine ni upepo mtupu." Mdomo wa mpira aliutengeneza kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, akaufunga kwa waya juu ya meza ya msumeno, umeutazama mstari kama jicho la kuku. Mume wangu alimshikia taa. Mimi alikuwa hajanipa taa nishike hata siku moja, maana hatukuwahi kufanya kitu cha kuhitaji taa.

Mpira ukawa mfupi. Mdogo wangu akaangaza huku na huku akakiona kigoda.

"Dada, kigoda hiki cha nani?"

Ningeweza kusema ni changu. Neno lenyewe halina uzito. Badala yake nikasema, "Cha hapo hapo tu."

Akaweka ndoo juu yake. Ilikaa vizuri kabisa, utadhani fundi aliipima.

Walipowasha, chumba kilivuma kama kina nyuki. Mume wangu akakata twiga, shingo yote, kona za masikio, pembe, na unga ulipokuwa ukitokeza juu ya mbao chupa iliumeza. Hakuinua mguu kwenye pedeli hata mara moja. Alipomaliza alimgeukia mdogo wangu akasema, "Shemeji, miaka yote nakata, leo ndiyo mara ya kwanza nakata bila kusimama."

Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Siku ya pili wakakata tembo na nyani. Sikio la tembo lilipokatika, chupa ikalifyonza likapotelea ndani ya ndoo. Walicheka mpaka nikasikia kutoka uani. Mdogo wangu akaniletea ndoo mikono miwili.

"Dada, naomba utuchekechee. Wewe una macho ya kuchambua, mimi ningelipoteza tena."

Alinisifu, na alimaanisha. Nikachukua chekeche, nikafungua mfuniko.

Ndoo ilikuwa karibu tupu.

Sikuhitaji kupima. Twiga mmoja hutoa vikombe viwili vya unga, tembo huzidi kidogo, nyani hupungua. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeufagia wote, na jirani yetu mfuga kuku huuchukua kwa ajili ya matandiko. Wanyama watatu wangetoa vikombe sita. Ndani ya ndoo mlikuwa na kikombe kimoja na nusu, na sikio la tembo.

Na mahali ulipokwenda uliobaki nilipajua pia. Bledi inapokata huvuta unga kwenda chini. Unaoonekana juu ya mbao ni mdogo. Mwingi hupita kwenye kitundu cha meza, ukaangukia mota na mapaja ya mume wangu, na kile kifeni cha kupozea mota huupuliza ukapanda hadi puani mwake. Suruali zake nimezikung'uta uani tangu wajukuu hawajazaliwa. Mdomo wa chupa ulitakiwa uwe chini ya meza. Mdogo wangu na mikono yake yote aliuweka juu, kwa sababu alitazama mahali ambapo fundi hutazama.

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilisimama na chekeche mkononi, nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Ndani nikamsikia mume wangu anasema, "Shemeji, ungekuja zamani," na mdogo wangu anamjibu, "Hukuniita zamani."

Nikafunika ndoo. Nikapeleka sikio la tembo kwenye kiganja.

"Asante, dada. Ndoo ina hali gani?"

"Ina unga," nilisema.

Siku zilizofuata sijivunii hata moja. Kikohozi hakikupungua. Mdogo wangu alibadilisha mpira, akaongeza tepu kwenye viungo, akasafisha kichujio kwa mswaki wake mwenyewe, akakata chupa nyingine yenye mdomo mpana zaidi. Kila asubuhi aliamka kabla yangu akanipashia maji ya kukanda kisigino. Mimi nilikanda kisigino, nikashukuru, na alipokuwa bafuni nilichukua suruali ya mume wangu nikaikung'uta nyuma ya nyumba, nikaufagia unga haraka nikautia kwenye gunia la jirani, mdogo wangu asiuone. Unga ulikuwa mwingi vile vile kama zamani.

Nilijiambia: ngoja ashindwe. Akishindwa atafunga sweta lake aende, ndoo itoke, nami nirudi kukaa. Nilichosahau ni kwamba mambo mengine hayangoji.

Siku ya kumi tangu ndoo ipande kwenye kigoda, mtu alibisha hodi. Alikuwa fundi wa fremu za picha wa mtaa wa pili, mtu mstaarabu, anayepangusa viatu hata pasipo na zulia. Mume wangu akamkaribisha kwenye chumba cha kazi bila kunitazama. Fundi akatoa futi yake akapima urefu wa mashine, akapima na upana wa mlango.

"Jumamosi nitakuja na mkokoteni, mzee," alisema.

"Jumamosi," mume wangu alijibu. Alikuwa na kitambaa mkononi, anapangusa meza ya msumeno, mahali pale pale, tena na tena.

Nikamwuliza, "Unauza mashine?"

"Wiki nne zinakwisha, mama watoto. Kifua ni kile kile. Bora iende yenyewe kuliko niende mimi."

Fundi wa fremu aliona uso wangu, akaona afadhali aseme jambo lolote. Akashika ukingo wa kigoda chini ya ndoo. "Na hiki kigoda, mama, kinakwenda na mashine?"

"Hapana," mume wangu alisema upesi. "Kigoda kinabaki."

Nikakiona kigoda changu kimebaki katikati ya chumba kitupu, na mimi nimekikalia, napuliza ukuta.

Mdogo wangu nilimkuta kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikuwa amepakata ule mpira, anaukunja na kuukunjua. Sikuwa nimemwona ameinamisha kichwa hivyo tangu tulipomzika mama.

"Nimeshindwa, dada," alisema. "Mashine za hoteli nzima hazikunishinda. Hii ndogo imenishinda. Nadhani mikono yangu imezeeka."

Tangu ile siku ya redio nilikuwa nimengoja kumsikia akisema hivyo. Nilikuwa hata nimepanga uso nitakaomwonyesha. Nikakaa karibu naye na uso huo haukuja.

"Mikono yako mizima," nilisema. "Umeweka mdomo mahali pabaya. Unga haupandi. Unakwenda chini, kwenye mota na mapajani mwake, halafu kifeni cha mota kinampelekea puani. Ndoo ilikuwa na kikombe kimoja na nusu. Ilitakiwa kuwa na sita."

Akageuka polepole. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoleta ndoo nichekeche."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu. "Siku nane," alisema. "Siku nane, dada, shemeji anakohoa na mimi napiga mswaki kichujio."

"Siku nane."

"Kwa nini?"

"Umeweka ndoo kwenye kigoda changu."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikakujibu uongo."

Akaukunja mpira tena, akaukunjua. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Unajua redio ile? Kabla ya wewe kuondoka hapo kwenda jikoni uliipuliza ndani, ukasema ina vumbi. Mimi nilikaza nyaya tu. Mpaka leo sijui ni kipi kiliifanya iimbe, na mama alipoanza kusema nilinyamaza. Siku nane ni nyingi. Yangu ni miaka." Akainuka, akanipa mkono. "Haya, lete taa. Tuingie chini ya meza kabla huyo bwana hajaja na mkokoteni wake."

Wanawake wawili wa umri wetu chini ya meza moja si jambo la kutazamwa na wageni. Magoti yalilia. Mimi nilimwonyesha kwa kidole pale unga ulipojikusanya, umeganda kwenye mota kama ukoko wa chungu, na yeye alipima, akafunga chupa kwa waya chini ya kitundu, akapitisha mpira. Kwa sababu ulitoka chini, haukuhitaji tena kufika juu. Ndoo ikashuka, ikakaa sakafuni kati ya miguu ya meza.

Mume wangu akaingia akakuta nyayo nne zimemtazama.

"Mmepoteza nini huko?"

"Akili," alijibu mdogo wangu. "Mkeo keshaipata yake, tunatafuta yangu."

Tulipotoka, mdogo wangu alishika kipande cha mpira mwembamba kilichobaki, wa unene wa kidole. Alinivuta pembeni kwenye kabati la vifaa, akasema kwa sauti ya chini, "Unga mwingi sasa utakwenda chini. Utakaobaki juu ya mstari ni kidogo, pumzi yako inautosha. Ila naweza kutoa tawi dogo kwenye mpira mkubwa, lifyonze na huo. Niweke au nisiweke? Amua wewe. Mimi sitamwambia."

Alinipa hilo kama alivyonipa ndara. Ningeweza kusema acha. Nani angejua? Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamia meza, ameshika ukingo, anakohoa, mgongo unapanda na kushuka.

"Weka," nilisema.

Akaweka. Wakakata twiga mmoja wa majaribio, nami nikafungua ndoo mbele yao. Sikuleta kikombe, niliingiza mkono mpaka nikagusa kitako. Vikombe viwili, labda pungufu ya kijiko. Nilimkung'uta mume wangu suruali akiwa ameivaa, na hakikuanguka kitu isipokuwa kipande cha chaki kutoka mfukoni.

Jumamosi fundi wa fremu alirudi na mkokoteni mtupu, akaambiwa mashine haiuzwi tena. Hakununa. Alichuchumaa akaitazama ndoo muda mrefu, akaomba achorewe, na mdogo wangu akamchorea nyuma ya karatasi ya msasa.

Siku aliyoondoka mdogo wangu nilimwambia mume wangu yote, kikombe na nusu, suruali, gunia la jirani. Alisikiliza hadi mwisho, huku anabadilisha bledi.

"Kwa hiyo ulikuwa unataka kigoda chako."

"Ungekiona kimekaliwa. Una macho."

"Nilikiona," alisema. "Nikadhani umefurahi kupumzika. Kila mwaka huwa nataka kukuuliza kama umechoka kupuliza, kisha naogopa utasema ndiyo."

Nikakifuta kigoda alama ya duara iliyoachwa na ndoo. Haikutoka yote. Nikakaa.

Akawasha. Ndoo ikavuma chini ya miguu yetu. Alikuwa anakata swala, na pembe za swala ni kona tupu. Mpira mdogo ulimeza kila kilichotokeza, mstari ukabaki mweusi, safi, hauhitaji mtu. Nilikumbuka alivyomwambia mdogo wangu, leo nakata bila kusimama, na kidonda kikanichoma tena pale pale. Nilidhani kimepona. Wivu nao ni kama kisigino, siku nyingine unaamka haupo, siku nyingine unakanyaga vibaya.

Tukafika kwenye ncha ya pembe. Mguu wake ukainuka kwenye pedeli. Bledi ikasimama. Akainamisha kichwa kulia kidogo, akangoja.

Niliutazama mstari. Haukuwa na hata chembe.

"Safi," nilimwambia. "Pita."

Akapita.